Kurudi Siwa Oasis tukiwa Shangani: Wolfenstein: Enemy Territory, miaka zaidi ya 20 tangu utolewe

Baruti iliyotegwa chini ya mzinga katika ramani ya Siwa Oasis, mojawapo ya viwanja vya mapambano vya mchezo huu, huchukua sekunde 30 kulipuka. Jumamosi iliyopita jioni, nyumbani kwetu Shangani, hapa Mtwara mjini, sekunde hizo zilitosha kunikumbusha kwa nini niliwahi kuupenda Wolfenstein: Enemy Territory kuliko mchezo mwingine wowote wa kompyuta. Mpwa wangu alikuwa fundi wa kikosi chetu. Alichuchumaa kando ya mzinga wa kaskazini, akawa anaikaza baruti kwa plaizi huku risasi zikipiga ukuta nyuma yake, na mara tu alipomaliza akaanguka. "Mjomba, nimelala huku kwenye mzinga, njoo uniamshe," aliniambia bila kuondoa macho kwenye kioo, ingawa tulikuwa tumekaa meza moja na viwiko vyetu vinagusana. Mimi nilikuwa tabibu. Nilipita kona ambayo adui alikuwa ameilenga, nikamdunga sindano, akainuka, na badala ya kukimbia akabaki palepale kumzuia fundi wa upande wa pili aliyekuwa anakuja kuitegua baruti ile. Mimi nilikufa, yeye akafa tena, mzinga ukalipuka, na mezani hakuna aliyeuliza nani ameua wangapi.

Mchezo huu wa vikosi viwili vinavyopigana katika Vita vya Pili vya Dunia ulitengenezwa na Splash Damage, kampuni ya Bromley, London, kwa kutumia injini (programu ya msingi) ya mchezo wa Quake III. Mwanzoni ulikusudiwa kuuzwa kama nyongeza ya mchezo wa Return to Castle Wolfenstein wa mwaka 2001, ukiwa na sehemu ya mchezaji mmoja na sehemu ya wengi. Sehemu ya mchezaji mmoja ilishindikana, na badala ya kuutupa mradi mzima, wahusika waliamua kuitoa ile ya wachezaji wengi bure kabisa, tarehe 29 Mei 2003, kwa Windows na kwa Linux. Mwezi Agosti 2010 id Software, kampuni iliyotengeneza injini ile, ikaachia pia msimbo wake chini ya leseni huria, na hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa ET: Legacy, ambao hadi leo unauwezesha mchezo huu kufanya kazi vizuri kwenye kompyuta za sasa na vioo vipana. Hilo ndilo toleo nililotumia kwa tathmini hii.

Nilikutana nao kwa mara ya kwanza mwaka 2006, nikiwa sekondari, katika intaneti kafe moja ya mjini iliyokuwa na kompyuta nane na feni moja. Mtu fulani aliuleta kwenye CD kutoka Dar es Salaam. Faili lake la kusakinisha halifiki megabaiti 300, jambo lililouwezesha kusambaa mkono kwa mkono wakati ambapo kupakua kitu cha ukubwa huo kungemaliza siku nzima na fedha ya nauli. Tulilipia saa moja, tukacheza saa moja, tukatoka tukibishana njia nzima hadi Chikongola. Kwa miaka mingi nilidhani kilichobaki kichwani mwangu ni utamu wa ujana tu, na nilipousakinisha upya nilikuwa tayari kukata tamaa.

Sikukata tamaa, na sababu yake iko katika namna kazi zilivyogawanywa. Kila kikosi kina kazi tano. Mwanajeshi hubeba silaha nzito, kuanzia bunduki kubwa ya rasharasha hadi kombora la begani. Tabibu hugawa mikoba ya dawa na kuwainua walioanguka. Fundi hujenga, hutengeneza, hutega baruti na kutegua ya adui. Afisa wa medani hugawa risasi na kuita ndege au mizinga ya mbali. Jasusi huvua sare ya adui aliyekufa na kuivaa. Kwa maneno haya machache mchezo unafanana na mingine mingi iliyokuja baadaye, lakini ukikaa nao kwa saa mbili unagundua kwamba waliouunda walikaa chini wakajiuliza, kwa kila kazi, ni kitu gani mtu huyu atakikosa na ni nani atakayekuwa nacho. Tabibu anaweza kujiponya mwenyewe, na uwepo wake tu huongeza uhai wa kikosi kizima, lakini huanza na risasi chache kuliko wengine, kwa hiyo bila afisa wa medani nyuma yake anabaki na kisu. Afisa wa medani ana risasi zisizoisha lakini hawezi kufungua njia. Fundi anafungua njia, ila hawezi kupigana huku ameshika plaizi. Mabomu ya ardhini yaliyotegwa na fundi wa adui hayaonekani kwenu mpaka jasusi wenu ayatazame kwa darubini, na akishayaona, alama yake huwatokea wote. Jasusi huyo, ambaye wengi humchagua kwa sababu ya bunduki yenye darubini, kumbe kazi yake kubwa ni kuwa macho ya wenzake.

Ninalisisitiza hili kwa sababu michezo mingi ya leo inayojigamba kwa kazi tofauti inampa kila mhusika uwezo wa kujitosheleza, kisha inamrembesha kwa mavazi ya kununua. Katika Enemy Territory nguo zako ni zile zile, na heshima yako inatokana na ulichowafanyia wengine. Pointi za uzoefu hutolewa kwa kujenga, kwa kuponya, kwa kugawa risasi, kwa kutega na kutegua, sawa na zinavyotolewa kwa kupiga risasi. Kila ujuzi una ngazi nne, na ukifikisha pointi 20, 50, 90 na 140 unapewa kitu kipya: tabibu wa ngazi ya juu kabisa, kwa mfano, hupata sindano ya kujitia nguvu za kukimbia na kustahimili risasi. Ujuzi huo unabaki nawe kwa mfululizo wa ramani tatu, halafu unafutwa, na wote mnaanza sawa. Utaratibu huo ni wa haki, na ningependa kuuona ukirudi.

Ramani zake sita za asili nazo zina simulizi ndani yake. Katika Gold Rush upande mmoja huiba kifaru kilichoharibika, hukitengeneza, hukisindikiza barabarani huku ukivunja vizuizi, hufika benki, huchukua dhahabu na kuipakia kwenye lori. Aliyewahi kusukuma kigari katika mchezo wa Team Fortress 2, ambao uliongezewa ramani ya namna hiyo mwezi Aprili 2008, nayo ikiitwa Gold Rush, atajisikia yuko kwa ndugu wa ukoo mmoja. Siwa Oasis ninaipenda zaidi. Ukuta wa mji mkongwe ni lazima uvunjwe, lakini mkitengeneza pampu mnakausha maji katika mapango na kupata njia ya chini, na hapo walinzi wanalazimika kugawanyika. Fundi mmoja mwenye subira kwenye pampu hubadilisha vita vyote bila kufyatua risasi hata moja.

Sasa niseme palipochakaa, kwa kuwa pamechakaa kweli. Mchezo haumfundishi mgeni chochote. Mpwa wangu, kijana wa chuo asiyeshindwa na simu yoyote, alikaa dakika 20 akizunguka bila kujua afanye nini, kwa sababu maelekezo yamefichwa kwenye ramani ya amri na katika maandishi madogo ambayo hayamwiti mtu kuyasoma. Risasi hutawanyika kwa bahati nasibu kiasi kwamba ukimlenga mtu kwa usahihi na kubonyeza mfululizo, nusu ya risasi zinakwenda zinakotaka, na kwa aliyezoea bunduki za michezo ya sasa hilo linaudhi. Kombora la begani linaua watu watatu kwa pigo moja, na katika chumba chembamba linaharibu starehe ya kila mtu isipokuwa aliyelishika. Ukifa unasubiri wimbi la wenzako ndipo mrudi pamoja. Mimi nauona utaratibu huo wa mawimbi kuwa mzuri, kwa kuwa unawarudisha mkiwa kundi, lakini vijana wanauona kama kupigwa foleni. Nyuso za askari zinafanana na vinyago vilivyoachwa kabla ya kumaliziwa. Mtu wa Mtwara aliyewaona Wamakonde wakichonga atanielewa.

Lipo pia jambo ambalo nikiwa mwanafunzi sikuliona, na sasa linanisumbua. Ramani tatu za kwanza zimewekwa Afrika Kaskazini, na Siwa ni mji halisi wa Misri wenye watu wake, lakini ndani ya mchezo hakuna mwenyeji hata mmoja. Nyumba ni tupu, soko ni tupu, na Wazungu wanapigania pampu ya maji ya watu wasioonekana. Tanganyika ilitoa askari wengi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) katika vita vile vile, na mpaka leo zipo familia zetu zinazomtaja babu aliyekwenda Burma. Sidai kwamba mchezo wa bure wa mwaka 2003 ungetusimulia habari hizo, lakini mtengenezaji wa leo akichukua mfumo huu wa kazi tano na kuuweka mahali penye watu, atakuwa amefanya jambo ambalo Splash Damage haikulifanya.

Kuhusu kucheza kwa intaneti kutoka huku kwetu, nina machache. Seva zenye watu ziko Ulaya, na kwa majaribio yangu ya usiku tatu ucheleweshaji ulikuwa kati ya milisekunde 190 na 230. Seva nyingi zina utaratibu wa kufidia ucheleweshaji, kwa hiyo kulenga kunawezekana, lakini unakufa ukiwa umeshaingia nyuma ya ukuta. Kibaya zaidi ni kwamba seva hupenda kuweka ramani zao za ziada, na kila unapoingia mchezo huanza kuzipakua. Usiku wa pili kifurushi changu kiliisha kabla sijafyatua risasi. Mwenye kutumia data za simu azime upakuaji huo, au achague seva zenye ramani za asili pekee.

Mahali pake hasa ni chumba kimoja, kompyuta nne au zaidi, na waya. Sisi tulikuwa na laptopu nne za kawaida, mojawapo yenye umri wa miaka 12, na zote ziliuendesha bila kukwama. Tuliziunganisha kwa swichi ndogo ya mtandao yenye milango minane, tukajaza nafasi zilizobaki kwa wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta wanaokuja pamoja na ET: Legacy, ambao wanatega baruti, wanaponya na kugawa risasi kwa bidii ya kushangaza, ingawa hawajui kusubiri. Saa mbili usiku umeme ukakatika. Laptopu zilibaki zinawaka kwa betri zake, lakini swichi ilizimika, na askari wote wakaganda mahali walipokuwa, mmoja akiwa hewani katikati ya kuruka. Kwa bahati swichi ile inatumia volti 5, kwa hiyo tuliichomeka kwenye pawabanki ya simu tukaendelea gizani, madirisha wazi, upepo wa bahari ukiingia, na bakuli la korosho za kukaanga likizunguka. Anayetaka kuujaribu mchezo huu Mtwara au Lindi aandae pawabanki kwanza kabla ya kuandaa kifurushi.

Mchezaji mpya nampa ushauri mmoja: aanze na utabibu, acheze ramani mbili bila kujali idadi ya maadui, na asikilize. Mchezo una sauti fupi za kuitana, za kuomba tabibu, risasi au fundi, na ndani ya nusu saa sikio huanza kujua ni nani anaita na kutoka upande gani. Wakati huo ndipo ramani inapofunguka.

Jumamosi ijayo tutaanza na Fuel Dump, ramani ndefu ya theluji ambako kifaru huvuka daraja na ulinzi mzuri hutegemea mabomu ya ardhini. Kikosi kizima huruhusiwa kuwa nayo 10 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila moja lina mahali pake. Kijana wa jirani, ambaye kwa wiki mbili mfululizo amekuwa haachi kombora la begani, ameniomba awe fundi siku hiyo. "Shikamoo mjomba," alinipigia jana asubuhi, "yale mabomu yanategwaje, nijifunze kabla?" Nimemwachia laptopu yangu hadi Ijumaa.