Boksi la Kujichongea Upinde: Mti Nausifu, Karatasi Naitupa

Kabla ya boksi hili nilikuwa nimeshavunja pinde mbili. Wa kwanza ulikatika siku ileile niliyoutia ugwe. Wa pili ulidumu wiki moja, kisha ukapasuka mgongoni kwa mlio uliomtoa jirani nje kuuliza kulikoni. Zote mbili nilizichonga kwa mti wa kuokota, nikiamini mti ni mti. Ndiyo maana nilipoona mtu anauza boksi lenye kila kitu cha asili, kuanzia gogo hadi gundi, nilitoa hela bila kubishana. Miezi minne imepita na upinde ninao, unarusha. Lakini umepatikana kwa kulitii boksi katika mambo fulani na kuliasi katika mengine, na muuzaji mwenyewe hakuniambia lipi ni lipi.

Ndani nilikuta gogo moja la mforsadi lililopasuliwa, urefu sentimita 180. Fungu la kano za mguu wa mnyama, zimekaushwa na kuchambuliwa. Mfuko wa gundi ya ngozi ya chengachenga. Kibonge cha nta ya nyuki. Uzi wa kitani. Kibati cha chuma cha kukwangulia. Na karatasi ya maelekezo iliyochapwa mbele na nyuma. Kishoka, tupa na kisu cha mishikio miwili ujitegemee mwenyewe. Tangazo lilisema hivyo wazi, kwa hiyo hapo sina neno.

Nianze na gogo, maana ndilo lililostahili hela. Limepasuliwa kwa kabari, halikupitishwa msumeno. Msumeno unakata unapoelekezwa, lakini mpasuko unafuata nyuzi za mti zinakokwenda, na ukitazama ubavu wa gogo unaona kabisa kama mti ulikua umenyooka au ulijisokota. Hili langu lilikuwa limejipinda kidogo upande mmoja, si la kutisha. Mforsadi ni wa familia moja na ule mti wa Marekani uitwao osage orange, ambao wachonga pinde wengi wanauweka juu kabisa. Moyo wake ni wa rangi ya asali, nje una tabaka jeupe jembamba, na pete zake za ukuaji wa kila mwaka zimepangana wazi hata mtu asiyeona vizuri anaweza kuzihesabu kwa kucha.

Kasoro ya kwanza ilikuwa kwenye ncha. Tangazo lilidai gogo ni kavu, tayari kuchongwa. Mtu aliyelikausha hakupaka chochote kwenye ncha zake, na mti hupoteza maji kwa kasi zaidi kupitia ncha kuliko ubavuni. Ncha zikikauka mbele ya katikati, zinapasuka. Upande mmoja ulikuwa na nyufa za sentimita 8, nikazikata zote, nikabaki na 172. Inatosha, lakini nililipia 180. Mpako wa nta au hata gundi ya mbao siku gogo linapopasuliwa ungelimaliza jambo hilo.

Nyufa hizo zikanitia shaka juu ya neno "kavu". Nitalirudia.

Sasa karatasi. Hatua ya kwanza kabisa inasema piga randa mgongo wa gogo mpaka uwe bapa na laini. Niliposoma hapo niliiweka chini, nikaenda kutazama vipande vya upinde wangu wa pili ambavyo bado ninavyo darini. Ndivyo nilivyoufanya ule. Kwa asiyejua: mgongo wa upinde ni upande unaoelekea shabaha, na tumbo ni upande unaokutazama wewe. Ukivuta, mgongo unatanuka na tumbo linabanwa. Nyuzi za mgongoni zinatakiwa ziwe nzima kutoka ncha hadi ncha, yaani mgongo wote uwe pete moja tu ya mti, na pete hiyo ikipanda, mgongo upande nayo. Ikizunguka kifundo, nao uzunguke. Ukipiga randa mpaka bapa, umekata pete tatu au nne na kuacha nyuzi zilizokatika njiani. Siku ya kuvuta zinainuka hapo kama kibanzi, na kibanzi hakina subira.

Kwa hiyo nikaifukuzia pete moja kwa kisu cha mishikio miwili. Jioni tano. Kati ya pete na pete kuna tabaka la vitundu lenye kukwaruzika. Kisu kikipita hapo kinatoa sauti ya kusaga, kama mtu anayetembea juu ya changarawe, na kikigusa mti mgumu wa pete yenyewe kinanyamaza. Baada ya jioni ya pili nilikuwa nachonga kwa masikio. Penye kifundo kimoja, robo tatu ya mkono wa juu (mkono ni nusu ya upinde, kutoka mshiko hadi ncha), nilipunguza mwendo mpaka mke wangu akadhani nimelala.

Vipimo vya umbo nilivichukua kwenye karatasi hiyohiyo, na hapo sina budi kuisifu, kwa sababu mchoro wake ni mzuri: mshiko wa sentimita 10, mikono yenye upana wa sentimita 4.5 karibu na mshiko, ikipungua taratibu hadi sentimita 1.2 kwenye ncha. Aliyechora anajua pinde. Nadhani aliyeandika maneno ni mtu mwingine.

Nilipofikia umbo la awali, bado nene, nikaupeleka kwenye mizani. Gramu 1,410. Kama mti ni mkavu kweli, uzito haubadiliki. Kesho yake 1,398. Keshokutwa 1,389. Nikaufunga kwa kamba kwenye ubao ulionyooka ili usijisokote, nikauweka juu ya kabati mbali na jua, nikawa naupima kila asubuhi kabla ya chai. Ulichukua wiki nne na siku kadhaa kufika gramu 1,268, ukasimama hapo siku tano mfululizo. Gramu 142 za maji kwenye mti "mkavu"! Mti wenye maji unapinda kwa utii kabisa, halafu ukiulegeza haurudi. Ningefuata karatasi na kuanza kuuvuta siku ya tatu, ningepata kipande cha mti chenye umbo la tabasamu. Ukinunua gogo kwa yeyote, hata akikuapia, lipime mwenyewe.

Kazi yenyewe ya upinde ni kulinganisha mikono yote miwili ipinde sawasawa. Hapo ndipo kile kibati cha kukwangulia kilipojipatia heshima nyumbani kwangu. Ni kipande cha chuma kisichozidi kiganja, ukingo wake umekunjwa kidogo sana, na kinatoa ukwanguo mwembamba kama ganda la kitunguu. Tupa inafaa mwanzoni. Baadaye inakudanganya, maana unene ni kitu cha hatari: ukiuongeza mara mbili, mkono unakuwa mgumu mara nane, upana ukiuongeza mara mbili, ugumu nao ni mara mbili tu. Ukila sehemu moja ya kumi ya unene, zaidi ya robo ya nguvu ya mahali hapo imeondoka. Kwa tupa hiyo ni mikwaruzo michache ya mtu aliyekasirika. Kibati kinakupa nafasi ya kujuta mapema. Nimekinoa mara mbili tu tangu kije.

Utaratibu niliufuata hivi: kwangua tumbo, kamwe usiguse mgongo, funga ugwe mrefu, vuta kidogo mara 30 ili mti uzoee, simama mbali utazame. Na usiuvute kupita uzito unaoutaka, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta, hata kama bado hujafika urefu wa mkono wako. Nilikuwa nataka kilo 20, nikaning'iniza mizani ya ndoano kwenye ugwe. Siku ya tatu mwanangu, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akila, akasema, "Baba, huku chini umevunjika." Haukuwa umevunjika. Ila mkono wa chini ulikuwa unakunjika mahali pamoja, sentimita 20 kutoka kwenye mshiko, kama kiwiko, na sehemu nyingine zote zimelala. Mimi nilikuwa naukodolea macho ncha na sikukiona. Nikapaka eneo hilo penseli yote, nikaandika USIGUSE, nikakwangua kila mahali isipokuwa hapo mpaka kiwiko kikapotea. Gharama yake ni kilo mbili. Upinde umeishia kilo 18 kwa mvuto wa sentimita 70. Hilo ni kosa langu, silitupii boksi.

Karatasi inaeleza hatua hii yote kwa sentensi moja: "Punguza mpaka upinde vizuri." Haya.

Gundi ni nzuri lakini maelekezo yake ni ya kuiua. Karatasi inasema ichemshe. Gundi ya ngozi hulowekwa kwenye maji baridi mpaka chenga zivimbe, kisha hupashwa moto ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, joto lisizidi nyuzijoto 60 hivi. Ikichemka inapoteza nguvu. Nilijaribu zote mbili kwa makusudi kwenye vipande vya mbao. Kile cha gundi iliyochemka nilikibandua kwa mkono, cha pili nilikipiga nyundo na mbao ikapasuka kabla ya gundi. Harufu ni suala jingine. Mke wangu alifungua madirisha yote akaniuliza ni nani amefia humu.

Na kano? Hapa nina maoni ambayo huenda yakamuudhi muuzaji. Tangazo linazifanya ndizo nyota wa boksi, kwamba unazibandika mgongoni na upinde unapata nguvu za ajabu. Ni kweli kano hutanuka kuliko mti, na zikikauka hujivuta na kuupindua upinde kuelekea mbele. Ndiyo maana pinde fupi za wapanda farasi wa Asia zilihitaji kano mgongoni na pembe tumboni. Upinde mfupi unaovutwa sana unaubana mti kupita uwezo wake. Lakini upinde wa sentimita 172, wenye mikono mipana na pete nzima mgongoni, hauna shida hiyo. Utaongeza uzito kwenye mikono, utangoja wiki kadhaa zikauke, na hewa yenye unyevu ikija zinalegea. Yule mtu aliyekutwa barafuni katika milima ya Alps mwaka 1991, mwenye zaidi ya miaka 5,000, alikuwa na upinde wa mti mtupu wa urefu wa mita 1.82, tena haujamalizika, una alama za shoka. Hakuna kano mgongoni. Alikuwa anachonga bado, kama mimi.

Zangu nilizitumia kufunga pale penye kifundo na chini ya mikato ya ugwe kwenye ncha, zimelowekwa kwenye gundi, zikazungushwa kwa kubana. Kazi hiyo zinaifanya vizuri mno. Zimekauka ngumu na kung'aa kama ukucha. Na zimekuja zimechambuliwa tayari, jambo ambalo atalishukuru yeyote aliyewahi kukaa na nyundo akiponda kano kavu uzi kwa uzi. Zilizobaki zinatosha pinde nyingine tatu.

Uzi wa kitani ni imara, ila karatasi imenitia hofu tena. Inasema sokota ugwe wa nyuzi 10. Niliutundika uzi mmoja, nikafunga ndoo ndogo, nikatia maji kikombe kwa kikombe. Ulikatika uzito ulipofika kilo nne, maji na ndoo pamoja. Wachonga pinde wanataka ugwe uweze kubeba angalau mara nne ya uzito wa upinde: 18 mara nne ni kilo 72, yaani nyuzi 18. Kwa upinde wangu, nyuzi 10 ni pungufu mno. Ugwe ukikatika wakati wa kuachia, nguvu yote inarudi kwenye mti, na mti mara nyingi unaufuata ugwe. Nikasokota mafungu mawili ya nyuzi tisa tisa, nikapaka nta, na uzi bado ulibaki.

Kwa hiyo nyota ngapi? Gogo nne, ingekuwa tano kama si ncha na ule uongo wa ukavu. Kibati tano. Gundi, kano na uzi nne nne. Karatasi moja, kwa ajili ya mchoro. Nilimwandikia muuzaji makosa yote, pamoja na ile hesabu ya mizani. Alinijibu kwa adabu kwamba karatasi aliinunua na boksi kutoka kwa mtu mwingine na yeye mwenyewe hajawahi kuchonga upinde. Nimempenda kwa ukweli huo, lakini angeuweka kwenye tangazo.

Upinde umesharusha mara mia tano na kitu. Ukiuvua ugwe unabaki umepinda sentimita tatu, siulalamikii. Wiki iliyopita nimeagiza gogo lake jingine peke yake, bila boksi, nikamwomba asiliguse ncha. Limekuja jana, nimelipaka nta mwenyewe pande zote mbili, nikalipandisha mizanini. Kilo 4 na gramu 120. Leo asubuhi, 4 na 112.