Asetoni ya duka la kemikali: sarafu za babu zimepona, ila ile chupa jamani

Asetoni hii, yale maji makali ya kuyeyusha gundi na mafuta, nshainunua mara ya pili sasa, wacha niwaambie. Babu alituachia sarafu za mkoloni kama thelathini hivi, shilingi za simba za 1924 na 1925 na zile senti kumi za tundu, na mjomba kwa kuzipenda akazitia kwenye albamu ya mifuko laini ya plastiki ya PVC. Na joto hili letu la Mombasa, na unyevu wa bahari, plastiki ikaanza kutoa jasho, ukishika sarafu inanata halafu ina ujani ujani kama makohozi, samahani kwa mnaokula.

Shangazi akataka tuzisugue kwa ndimu na majivu kama masinia ya shaba. Nikamwambia shangazi wallahi usiziguse, shilingi hizi fedha yake ni robo tu, ndimu inakula ngozi ya juu na mnunuzi akiona imeng'arishwa anakata bei palepale.

Mimi nami nikakosea, nikaanza na rimuva ya kucha. Asetoni imo, lakini imo na maji na mafuta na marashi, ikanitolea uchafu mmoja ikanipaka mwengine. Ndio nikaenda duka la kemikali upande wa Mwembe Tayari nikataka asetoni tupu. Nyumbani nikadondosha tone la hii na tone la ile juu ya kioo: ya kucha ikaacha duara la mafuta, hii ikaruka yote, kioo kikabaki cheupe. Hujafanya hivyo, usitumbukize sarafu yako.

Nikazitia kwenye chupa ya jamu ya kioo, kifuniko juu, robo saa, nikamwaga, nikatia mpya, zikalala humo usiku kucha, asubuhi nikasuuza kwa nyengine safi nikaziacha zikauke zenyewe juu ya kitambaa. Hakuna kusugua hata kidogo! Ujani wote ukaisha, na gundi ya selotepu kwenye senti moja ikabanduka kama ganda la kidonda. Weusi wa uzee haukuguswa, wala sikutaka uguswe. Shilingi moja tu imebaki na vishimo vidogo, tindikali inayotoka kwenye hiyo PVC ilishaila zamani, hiyo basi tena.

Sasa lawama. Kijana wa dukani mara ya kwanza alinimiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina chochote, na mimi nina watoto nyumbani. Kitu chenyewe kinashika moto upesi na mvuke wake mzito unatambaa chini, kazi yote nimefanyia barazani, mbali na jiko. Mara ya pili nikadai kopo la kiwandani lililofungwa, akaguna, akatoa. Kumbe yalikuwepo siku zote.

Bei sina neno, nusu lita haikufika bei ya kuku. Nyota nne, ya tano nimeinyima kwa ile chupa.