Krimu ya kunawia bila maji kwa epoksi ya mikononi: nzuri, ila soma kopo kwanza

Wanunuzi wengi wa dawa za kuondoa epoksi, ile gundi ya kuchanganya rezini na kigumishi, huzipima kwa kasi: inayoyeyusha doa haraka ndiyo inayosifiwa. Kwa brashi na vyombo vya chuma kipimo hicho kinafaa. Kwa ngozi kinapotosha, kwa sababu kimiminika kinacholegeza epoksi kwa sekunde chache huondoa pia mafuta ya asili ya ngozi, na rezini iliyokuwa nzito inakuwa nyepesi, tayari kusambaa na kupenya. Krimu ya kunawia bila maji, ile wanayotumia mafundi wa magari, tumeipima kwa maswali mawili: inaondoa kiasi gani, na inaiacha ngozi katika hali gani.

Kwa epoksi ambayo haijaganda, kati ya vitu vinavyopatikana kirahisi hakuna cha kuizidi. Kwa iliyokwisha kuganda haisaidii, na anayeinunua kwa ajili hiyo anatupa pesa.

Krimu hizi si ngeni. Gojo ilianza Marekani mwaka 1946, na Swarfega ilitokea Uingereza mwaka 1947, zote zikilenga mikono iliyojaa grisi na uchafu wa kiwandani. Sehemu yake ya mafuta hulegeza unato, na sehemu ya sabuni huzizingira chembe zilizolegea zisirudi kushika ngozi. Haiivunji epoksi kikemia. Rezini na kigumishi, au hadina kama mafundi wengi wanavyoiita, vikishaungana hakuna mafuta wala sabuni ya kuvitenganisha. Kwa hiyo muda ulio nao ni ule ule wa mchanganyiko kwenye kikopo: epoksi ya dakika 5 haikusubiri utafute taulo.

Wengi huikosea kwenye matumizi, kisha wakasema krimu ni mbovu. Kosa la kwanza ni kunawa kwa maji kabla ya kuipaka. Epoksi haichanganyiki na maji. Ikilowa inabaki kama utando unaonata, nao maji yanaifanya krimu ipungue nguvu kabla haijafika kwenye doa. Mikono iwe mikavu. Vua pete na saa, kisha futa epoksi kwa karatasi kavu, ukitoka ukingoni mwa doa kuelekea katikati, na kila mpanguso utumie upande safi wa karatasi. Sehemu kubwa ya rezini hutoka hapo, kabla hata hujafungua kopo.

Halafu chukua krimu kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa viganja viwili. Sugua kwa nusu dakika hadi dakika nzima, bila kukaza, huku ukiipitisha katikati ya vidole na kuzunguka kucha. Utahisi mabadiliko: mwanzoni vidole vinavutana, kisha ghafla vinateleza na krimu inakuwa nyepesi. Hapo ndipo pa kufuta kwa karatasi safi, si pa kuendelea kusugua, kwa sababu sasa rezini iko ndani ya krimu na kila mzunguko unaisambaza. Rudia kwa nusu ya kiasi cha kwanza, futa tena, ndipo unawe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Wengi huishia kwenye awamu ya kwanza kwa kuwa mikono inaonekana safi. Bana kidole gumba na cha shahada kisha viachanishe. Vikigandana hata kidogo, bado. Kagua pia kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia, maana ndipo epoksi hupenda kujificha. Ukimaliza paka krimu ya kawaida ya kulainisha ngozi.

Sasa suala la punje. Baadhi ya krimu zina chembe za pumisi, jiwe jepesi la volkano. Fast Orange, kwa mfano, hupatikana kwa aina mbili, yenye pumisi na laini. Kwa grisi ya injini zile punje ni msaada. Kwa epoksi tunapendekeza laini, bila kusitasita. Punje hukwaruza tabaka la juu la ngozi wakati rezini bado ipo, na ngozi iliyochubuka ni mlango uliofunguliwa kwa kitu usichotaka kiingie. Kama umekwishanunua yenye punje, itumie kwenye viganja tu, ambako ngozi ni nene, na kwa awamu ya mwisho. Angalia vilevile orodha ya viambato: ikiwa na viyeyusho vya petroli mwanzoni, iache dukani. Harufu ya chungwa isikuhakikishie usalama. Limonini, inayotoa harufu hiyo, ikikaa wazi hewani hubadilika na inaweza yenyewe kusababisha mzio.

Mzio ndio sababu ya tahadhari zote hizi. Epoksi mbichi ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kuifanya ngozi ipate mzio: mara nyingi huoni chochote mwanzoni, kisha siku moja vinatokea vipele, mwasho na malengelenge madogo katikati ya vidole, kwenye vifundo, hata kwenye kope. Dalili huja saa kadhaa au siku 1 hadi 3 baada ya kugusa, hivyo watu huisingizia sabuni au chakula. Mwili ukishapata mzio huo, hali hiyo kwa kawaida haiondoki tena, na kiasi kidogo mno kinatosha kuiamsha. Maandishi ya “haina harufu” au “ya mimea” kwenye chupa ya rezini hayabadilishi hilo.

Washindani wa krimu hii? Siki nyeupe ya asilimia 5 inasifiwa kuliko inavyostahili. Asidi yake hushughulika na kemikali za kigumishi ziitwazo amini na kuzifanya zitoke kwa maji, ila rezini yenyewe haiigusi. Ni msaidizi, na inachoma kwenye mchubuko. Kigumishi kitupu kikimwagika kwa wingi mkononi usihangaike kutafuta siki. Maji mengi yanayotiririka kwanza. Mafuta ya kupikia ni ya polepole lakini ni rafiki wa ngozi. Yakisuguliwa dakika 2 au 3 yanafaa kwa epoksi iliyoanza kuwa nzito kama asali, au iliyo shavuni.

Asetoni, tina ya rangi na spiriti tunazipa sifuri kwa ngozi, hata zikiwa bora kwa vifaa. Na asidhani mtu kwamba glavu zinamkinga: asetoni hupita kwenye glavu nyembamba za nitrili (mpira wa bandia) ndani ya dakika chache, ikibeba rezini iliyoyeyuka.

Iliyokwisha kuganda ina njia yake, wala haihitaji kununua kitu. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 10, paka mafuta ya mgando, na kingo zikijiinua zenyewe uzitoe. Zisipojiinua, acha, ngozi hujivua na jasho husukuma ule utando kutoka chini, siku chache tu. Kuubandua kwa wembe au kisu huondoka na ngozi. Kwenye vinyweleo kata kwa mkasi. Usiuache kabisa bila uangalizi lakini, kwa sababu epoksi inayoonekana ngumu kwa kidole inaweza kuchukua siku kadhaa kumaliza kuungana.

Yapo mambo mawili ambayo krimu haihusiki nayo hata chembe. Epoksi au kigumishi kikiingia jichoni, suuza kwa maji safi angalau dakika 15 kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali. Na kikopo cha mchanganyiko uliopata moto kikamwagikia ngozi ni jeraha la kuungua: maji baridi yanayotiririka dakika 20, usivute kilichonata, umwone daktari.

Kuhusu kifungashio, lipa zaidi kidogo upate chupa ya pampu. Kopo la kuchota kwa vidole huingiziwa rezini kila mara, na baada ya wiki kadhaa anayelifungua akiwa na mikono safi anajipaka epoksi ya wenzake. Pampu unaibonyeza kwa kiwiko.