Tundu la waya la kumwachisha bata kuatamia: zuri, ila sakafu ibadilishwe

Matundu haya yanayochomelewa na mafundi wa Mtwara mjini yamepatia jambo kuu: sakafu ya waya iliyoinuliwa sentimita 30 hivi. Hewa inapita chini ya bata, kifua hakigusi majani wala mayai, na mguso huo ndio unaoendeleza hamu ya kuatamia.

Kasoro ni kwamba tundu limetengenezwa kwa kuku. Nafasi kati ya nyaya za sakafu ni inchi 1, nyayo laini za bata zinachubuka, halafu huvimba usaha. Mwambie fundi aweke waya wenye nafasi za nusu inchi, au tandika mkeka wa plastiki wenye vitundu nusu ya sakafu. Nyasi usiweke, atajenga kiota upya. Kinyweo nacho hakina kina cha kutosha; bata lazima azamishe pua zote mbili, la sivyo pua na macho huziba uchafu. Weka kopo la kina cha sentimita 10.

Tundu liweke kivulini, chini ya mkorosho panatosha, mbali na kiota cha zamani. Chakula kama kawaida; kumnyima ni ukatili usio na faida. Siku 3 hadi 5 kwa kawaida zinatosha. Mfungulie kidogo kila siku aoge: akikimbilia kiotani, mrudishe. Bata wenye uso mwekundu wa vinundu (aina ya Muscovy) ni wakaidi zaidi.

Unataka vifaranga? Usinunue tundu hili. Mwache alalie, siku 35 kwa hao wa uso mwekundu, 28 kwa bata wengine.