Kununua kitambaa cha kufumwa kwa mkono mtandaoni: njia sita za kulipa, kuanzia ninayoipenda hadi ya kukimbia

Mtandio wa kwanza nilioagiza moja kwa moja kwa mfumaji wa nchi nyingine nililipa kwa kujiamini kabisa. Bei ilikuwa kwa sarafu yake. Nilipofika kwenye malipo, ukurasa ukaniuliza kama ningependa kulipa kwa sarafu ya kwangu. Nikabofya ndiyo, maana nani hapendi hesabu anayoielewa? Taarifa ya benki ilipokuja nikakaa na kikokotoo: kiwango walichonibadilishia kilikuwa kimepunja karibu asilimia 6. Mfumaji hakuona hata senti moja ya tofauti hiyo. Na juu ya ukurasa ule ule palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakuna ada.

Hawakusema uongo, ada kweli haikuwepo. Walichukua chao ndani ya kiwango, na ndiko wengi wanakochukulia. Kwa hiyo kabla ya kulipa popote, tafuta kiwango cha kati cha siku hiyo, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu mbili. Ukiandika majina ya sarafu hizo kwenye kitafutio unakipata. Kisha jiulize jambo moja: kikitoka hiki mfukoni mwangu, kwake kinafika kiasi gani? Matangazo mengine yote yaache yapite.

Orodha hii ni ya mtu anayenunua kwa mara ya kwanza kwa muuzaji asiyemjua. Mkishajuana, nafasi hubadilika, na nitasema wapi.

Lakini kwanza hakikisha unacholipia

Njia nzuri ya malipo haisaidii kama ulichonunua kilitoka kiwandani. Omba picha tatu zilizopigwa leo: upande wa nyuma, ukingo kwa karibu, na kitambaa kikiwa kimeinuliwa dhidi ya dirisha. Kwenye ukingo mara nyingi utaona vitundu vidogo vimejipanga kwa mstari. Ni alama za ule mti wenye ncha ambao mfumaji huubana pande mbili ili kitambaa kisijikunje wakati anafuma. Kwenye mwanga, nyuzi za mshindio, zile zinazopita kwa upana, hazitalingana kabisa: hapa zimebanana, pale zimelegea kidogo, kama mwandiko wa mtu aliyepumzika akarudi. Hakuna kimoja kati ya hivi kinachotosha kuwa ushahidi peke yake, ila vikikosekana vyote, uliza maswali.

Upande wa nyuma ndio unaosema mengi. Kente halisi ya Ghana hufumwa kwa vipande vyembamba kisha vikashonwa pamoja, kwa hiyo mishono ipo na rangi inaonekana pande zote mbili. Ukigeuza ukakuta nyuma pamepauka na mistari ya "vipande" haina mshono wowote, hicho kimechapishwa. Jamdani, kitambaa cha maua cha Bangladesh ambacho ufumaji wake UNESCO iliutambua mwaka 2013, maua yake huingizwa kwa mkono moja baada ya jingine wakati wa kufuma. Nyuma ukikuta nyuzi ndefu zinaning'inia kutoka ua hadi ua, au zimekatwa kwa mkasi, mashine imepita hapo.

Baadhi ya nchi zimekusaidia. India ina alama ya Handloom Mark, ya kuonyesha kitambaa kimefumwa kwa mkono, tangu 2006. Uskoti wamekwenda mbali zaidi: sheria ya 1993 inasema kitambaa cha sufu cha Harris Tweed lazima kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, tena majumbani mwao. Neno "handmade" (kazi ya mkono) kwenye soko la mtandaoni, kwa upande mwingine, usilibebe kama kiapo. Etsy, iliyoanza 2005 kama uwanja wa kazi za mikono, ililegeza masharti mwaka 2013 na kuruhusu wauzaji kutumia viwanda vya nje. Wafumaji wa kweli bado wamo humo, lakini kuwatafuta ni kazi yako.

Sasa malipo

1. Kadi, kupitia soko linaloshughulikia malipo lenyewe. Kwa mgeni, hakuna inayoishinda. Mzigo usipofika una milango miwili ya kugonga: soko lenyewe, halafu benki iliyokupa kadi, ambako unaweza kuyapinga malipo. Benki nyingi hukata asilimia 1 hadi 3 kwa manunuzi ya nje, kwa hiyo si bure. Ila ukiulizwa sarafu, chagua ya muuzaji daima. Kadi yako itabadilisha kwa kiwango cha Visa au Mastercard, ambacho wenyewe hukionyesha kwenye tovuti zao, na mara nyingi kitakuwa nafuu kuliko cha ukurasa ule uliojifanya rafiki. Kasoro ya njia hii inamwangukia mfumaji, kwani soko hukata fungu lake na pesa inaweza kukawia kumfikia. Mtu aliyenunua nyuzi kwa mkopo huisikia kila siku ya kusubiri.

2. PayPal na pochi nyingine za mtandaoni zenye ulinzi wa mnunuzi. Kwenye kubadilisha fedha ni ghali. PayPal kwa kawaida huongeza asilimia 3 hadi 4 juu ya kiwango. Unachonunua hapo ni amani ya moyo. Sasa sikiliza: muuzaji akikuomba utume kama malipo ya ndugu na marafiki "ili tuepuke makato", ulinzi wote umeondoka. Wengine huomba hivyo bila nia mbaya, maana makato kweli yanawauma. Mwambie utaongeza kiasi cha makato kwenye bei, ulipe kama ununuzi. Akikataa hata hilo, umeshapata jibu lako.

3. Huduma za kuhamisha fedha zinazotumia kiwango cha kati, kama Wise, iliyoanza London mwaka 2011 kwa jina la TransferWise. Ada unaiona kabla, na kiasi kitakachomfikia unakiona kabla. Pesa huingia kwenye akaunti yake ya benki, na katika nchi kadhaa hata kwenye simu. Kwa nini basi ni ya tatu? Kwa sababu ukishatuma umetuma. Hii ni hamisho, na haina wa kukuamulia kama kitambaa kilikuwa cha pamba au la. Lakini mfumaji uliyenunua kwake mara mbili na kuridhika, mhamishie huku mara moja. Kile mlichokuwa mkimpa mtu wa kati mnagawana wawili. Mimi siku hizi huuliza kabisa: "Nikutumie kwa njia gani ili upate kingi?" Wengi wana jibu tayari, ni vile hawajawahi kuulizwa.

4. Benki kwa benki kupitia SWIFT. Kwa oda kubwa tu, ya duka au ya ushirika wa wafumaji wenye hati. SWIFT yenyewe haibebi pesa, hubeba ujumbe kati ya benki, na njiani benki za kati zinaweza kukwangua kidogo kidogo. Ndiyo maana muuzaji anapokea pungufu na kila mmoja anamshuku mwenzake. Kwenye fomu kuna alama OUR, SHA na BEN: ya kwanza ina maana mtumaji anabeba gharama zote, ya pili mnagawana, ya tatu mpokeaji. Kwa mtandio mmoja, usijisumbue.

5. Sarafu za kidijitali. Zile zilizofungwa kwenye thamani ya dola, kama USDC na USDT, hufika haraka na zinaweza kuwa na gharama ndogo, na nawaelewa wafumaji wanaozitaka pale ambapo benki zinawasumbua. Ila mnunuzi hana pa kukata rufaa, na ukikosea mtandao au herufi moja ya anwani, pesa inaweza kupotea moja kwa moja. Pia hesabu safari nzima: wewe unabadilisha kuingia, yeye anabadilisha kutoka, na kila mlango una mwenyewe. Nitumie bitcoin kununulia shali? Bei yake ipande ishuke kabla shali haijatoka kwenye kitanda cha kufumia? Hapana.

6. Kadi za zawadi na sarafu za michezo ya kompyuta. Kimbia. Najua ulimwengu wa kubuni una uchumi wake wa kweli. Ndani ya Second Life, ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa 2003, watu hushona nguo ambazo hazivaliki popote duniani, wakauza kwa dola za Linden, sarafu ya humo, wakazigeuza dola za Marekani. Lakini huko pesa na bidhaa viko chini ya paa moja. Sarafu ya mchezo ikitoka nje kununulia kitu cha kushikika, hakuna anayeisimamia. Uchina iliona mapema ikapiga marufuku mwaka 2009 kuzitumia kununua bidhaa halisi. Na muuzaji wa vitambaa anayetaka namba za nyuma ya kadi ya zawadi hauzi vitambaa.

Kuhusu kampuni za kuchukua pesa taslimu dirishani, sikuzipa namba. Ni nzuri kwa kumtumia ndugu, na zenyewe huonya usimtumie mtu usiyemjua.

Ushuru wa forodha nao uulize mapema, maana kwenye bei ya muuzaji mara nyingi haumo.

Jambo la mwisho ni tarehe, nami nililijifunza kwa oda ya kufumiwa maalumu. Kazi ya mkono huchelewa: mvua inanyesha nyuzi hazikauki, kuna msiba, kuna mavuno. Muuzaji mwema atakwambia miezi minne, na itakuwa mitano. PayPal inakupa siku 180 za kulalamika, lakini siku hizo zinahesabiwa tangu ulipolipa, hazisubiri kifurushi. Miezi mitano ni siku 150 hivi. Kwa hiyo lipa sehemu ya kununulia nyuzi mwanzoni, na kiasi kikubwa ukilipe kitambaa kikishafumwa, baada ya kutumiwa ile picha ya dirishani. Tarehe ya kufika iandikwe kwenye ujumbe ndani ya soko lenyewe, kwa sababu mlichokubaliana kwenye simu hakuna atakayekisoma siku ya malalamiko.