London hadi Paris kwa treni, na chupa ya mafuta ya nazi

Mwaka 2023 nilikwenda Paris kumwona dada yangu, nikaiacha ndege nikapanda treni ya Eurostar kutoka London. Sababu kubwa ilikuwa chupa ya lita moja ya mafuta ya nazi, mama aliyapika mwenyewe Tanga, na sanduku la kupakia chini ya ndege sikutaka kulilipia. Stesheni ya St Pancras mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, ila lile sharti la viwanja vya ndege wakati ule, kwamba kimiminika cha mkononi kisizidi mililita 100, halipo. Afisa alifungua kanga niliyoiviringishia chupa, akaitazama, akaifunga tena vizuri, akanipa. Nilimshukuru sana.

Kilichonifurahisha zaidi ni uhamiaji. Maafisa wa Ufaransa wapo hapohapo St Pancras, na mwaka ule niligongewa muhuri nikiwa bado London. Wangu ulikuwa na kipicha cha treni pembeni, nimeupiga picha. Ukifika Paris hakuna foleni nyingine ya pasipoti. Ila ndugu zangu wenye pasipoti za Tanzania na Kenya, hata kama mnaishi Uingereza kwa kibali, viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa, ni lazima. Fika saa moja na nusu kabla, na tiketi kata mapema maana nauli hupanda kadiri siku inavyosogea.

Tuliondoka saa nne na nusu asubuhi. Mimi mtu wa pwani, kupita chini ya bahari kulinitia hofu kwelikweli. Handaki lile lina urefu wa kilomita 50 na linatumika tangu 1994, hayo nilikuwa nayajua, lakini dirisha lilipogeuka jeusi na masikio kuziba nilijikuta nasoma dua. Mtoto wa kiti cha mbele alikuwa amelala fofofo. Dakika kama 20 tu, mara mwanga, na mashamba ya Ufaransa yamelala tambarare hadi upeo wa macho. Huko treni inafika kilomita 300 kwa saa, na chai yangu haikumwagika hata tone.

Tulifika Gare du Nord saa yangu ikisema saa saba kasorobo, kumbe Paris ni saa nane kasorobo. Stesheni iko mjini kabisa. Dada alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa, akanikumbatia, kisha akauliza, "Yako wapi mafuta ya mama?"