Buti za skii na enka yenye chuma: mguu wangu hata hakuuangalia

Bado nina hasira kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Yule kijana wa duka la buti za skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu, hakunishika mguu. Hata kuuangalia hakuuangalia. Nimekaa kwenye kibenchi chao, soksi nimevua, kovu lote liko nje, upande wa nje wa enka kwenda juu kama urefu wa kiganja, nikamwambia kaka, enka hii ilivunjika pande zote mbili, humu ndani kuna bamba la chuma na skrubu saba, naomba buti ambayo haitanibana hapa, na nikamwekea kidole penyewe. Yeye macho kwenye simu. Akauliza "saizi?" Nikasema viatu vya kawaida navaa 40. Akaingia stoo akatoka na boksi la 27.5, maana buti za skii zinahesabiwa kwa sentimita za urefu wa mguu, akasema mguu wenye chuma unataka nafasi, chukua kubwa. Basi. Dakika kumi nzima haikufika na mimi nikalipa dola mia sita na ushee, hela ya shifti za usiku hiyo.

Nilivunjika majira ya baridi ya mwaka juzi, wala sikuwa kwenye skii, nilikuwa naenda kwenye gari. Anayeishi huku Calgary, Kanada, anaujua upepo wa chinook, unakuja siku moja theluji yote inayeyuka watu wanatembea na fulana, usiku baridi inarudi na yale maji yote yanakuwa kioo. Niliteleza paking, nikasikia mlio, nikajua. Upasuaji, hogo, magongo, halafu miezi na miezi ya fizio, yaani kupiga goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka nililia kama mtoto. Mguu mzima goti linafika ukutani hata nikiuweka mbali kiganja kizima. Huu mwingine, vidole viwili. Hapo ndipo ulipogoma na hauendi tena, daktari ameshaniambia.

Sasa kwa nini skii? Ni binti yangu. Shule yao inawapeleka kile kilima cha Olimpiki ya 1988 huku magharibi mwa mji, ameshaiva, anashuka kama maji, na kila Jumamosi swali ni lile lile, mama utarudi lini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujifunza naye kabla ya ajali. Nilimuahidi nitarudi na sikutaka ahadi hiyo ife.

Siku ya kwanza na zile buti, jamani. Asiyezijua, buti ya skii ina vitu viwili, ganda gumu la plastiki nje na laina laini ndani, na imetengenezwa ikulaze mbele kidogo, yaani enka lazima ikunje muda wote. Yangu haikunji. Kwa hiyo nikisimama kisigino kinanyanyuka, mguu unateleza mbele, na kwa sababu buti ilikuwa kubwa ulikuwa na pa kutelezea. Kisigino kikicheza huwezi kuongoza skii, zinaenda zinapotaka, kwa hiyo unakaza bizimu. Ukikaza bizimu ganda linakuja moja kwa moja juu ya lile bamba. Unakaza tena kwa sababu bado mguu unacheza. Vidole vikafa ganzi na pale kwenye chuma nikasikia moto, moto kabisa, kama mtu ananichoma na msumari. Nilishuka mteremko wa watoto mara mbili. Ya tatu nilivua skii nikatembea kwa miguu pembeni, binti yangu kanibebea fimbo, hasemi kitu. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma kuliko enka.

Nikarudi dukani siku chache baadaye. Nilikwenda kwa adabu, wallahi nilikwenda kwa adabu. Kijana yule yule. Akageuza soli akaona michubuko akasema zimeshavaliwa nje, hairudi. Sawa, sheria yao, ipo kwenye risiti, naielewa. Nikamwambia basi nisaidie, unaweza kuipanua hapa kwenye chuma? Ndipo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akasema watu wa kutoka kwenu hamjazoea hizi buti, huwa zinauma, utazoea. Halafu akamgeukia mteja mwingine.

Watu wa kutoka kwetu. Mimi nimezaliwa Moshi. Nimekua naamka asubuhi naiona theluji ya Kibo kabla sijapiga mswaki. Na hata ningekuwa nimezaliwa jangwani, chuma kilichoko mguuni kwangu hakina kwao! Kimewekwa hapa hapa Calgary! Nilikuwa nimemwonyesha kovu! Nilitoka pale natetemeka, buti mkononi.

Kuwa mkweli, nisiwaonee wote. Dada mmoja wa kaunta alinifuata mpaka mlangoni akanong'ona, nenda Canmore, ule mji mdogo wa milimani, kuna mzee ana duka dogo, yeye anatazama miguu. Akanipa na jina la mtaa. Huyo dada Mungu ambariki, kwa ajili yake nilikuwa nimeamua duka niwape nyota mbili kati ya tano.

Mzee wa Canmore hakuuliza saizi. Alivuta stuli akakaa chini yangu, akasema vua yote, kunja suruali. Akanishika. Dole gumba lake likatembea polepole juu ya kovu mpaka likakuta kichwa cha skrubu, akasimama hapo, akaniangalia kama anauliza, nikaitikia kwa kichwa. Akanipima kwenye kile kibao cha sentimita, 25.5. Kisha akachukua zile buti zangu, akachomoa laina, akaniambia nitie mguu kwenye ganda tupu, nisogeze vidole mpaka viguse mbele, halafu akapitisha vidole vyake nyuma ya kisigino. Akasema hapa kinatakiwa kuingia kimoja, kimoja na nusu. Viliingia vitatu. Hakumsema vibaya yule kijana, alitikisa kichwa tu akaziweka pembeni. Buti ndogo anaweza kuipanua, kubwa hawezi kuipunguza.

Akanitafutia 25.5 nyingine. Akaweka kabari ndogo chini ya kisigino, kumbe ndiyo dawa ya enka isiyokunja, ardhi inakuja juu kukifuata kisigino, goti linaenda mbele bila enka kulazimishwa. Kabari tu! Kisha akatoa lipstiki kwenye droo, nikashangaa, akanipaka pale pale kwenye skrubu, nikaingiza mguu kwenye ganda, nikatoa, na ndani ya plastiki pakabaki alama nyekundu. Hapo ndipo alipopasha moto kwa hewa, akabana na mashine ikafanya kibonde, akaiacha ipoe taratibu. Saa mbili na nusu nilikaa pale. Mkewe kaniletea chai.

Je, haziumi? Zinauma. Nisidanganye mtu. Asubuhi nzima nilishuka vizuri, kisigino kimetulia, binti yangu nyuma yangu anapiga kelele za furaha, lakini ikifika mchana moto unaanza tena palepale, kidogo. Na nimelipa mara mbili kwa kitu kimoja, hilo nalo linauma. Kwa hiyo mwanzo nilisema mzee apate nne. Halafu nikiandika hapa nakumbuka lile dole gumba, hakuna aliyenishika ule mguu kwa utaratibu vile tangu nitoke hospitali. Tano. Na lile duka la kwanza zile nyota mbili nazirudisha, yule dada apewe kazi sehemu inayomfaa, wao wabaki na moja. Mtu anakuonyesha kovu lake na wewe uko kwenye simu?

Nimempigia mzee simu jana. Hakushangaa, akasema ganda huwa linahitaji mara mbili au tatu, nisilipe kitu, niende nalo. Jumamosi barabara ikiwa wazi tunakwenda na binti yangu. Ile alama ya lipstiki bado ipo mle ndani, anataka kuongeza milimita mbili kwa upande wa juu.